Tangi la Mafuta Limetoka

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimeamua. Tangi linatoka.

Harufu yake imefika hadi kwenye foronya. Limekaa chini ya nyumba kama ng'ombe mgonjwa, jeusi, linatoa jasho la mafuta ya kupashia nyumba joto, na kila mtu anaona ni kawaida. Mimi sioni.

Nyumba hii Bibi aliniachia mimi, si wanawe. Majira ya baridi yaliyopita pazia la sebuleni lilikuwa linacheza huku dirisha limefungwa! Tangu Juni nimeziba nyufa kwa mikono yangu mwenyewe, nikajaza dari, nikafunga pampu ya joto ya umeme nje ya ukuta. Bado kuta za jikoni. Bado tangi.

Na bado Baba.

Huku sisi wa ukoo wa Gillis tumezidi, kwa hiyo mtu hujulikana kwa kazi. Baba ni Lauchie wa Mafuta. Mimi ni Una wa Lauchie wa Mafuta, tangu nabatizwa. Lori lake ndilo linalopasha joto nusu ya pwani hii. Na mimi natoa tangi la mama yake.

Nitamwambia kesho baada ya misa.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikumwambia. Ukumbini kulikuwa na chai na mikate ya shayiri, na Baba alikuwa anachekesha watu. Niliogopa. Hapana — niliahirisha. Hapana. Niliogopa.

Leo Rannie, fundi wangu, amefungua ukuta wa jikoni ili aupulizie pamba ya karatasi ya kuzuia baridi. Ndani tukakuta majani ya bahari! Makavu, yamesongamana kama mkeka. Babu aliyaweka yazuie baridi, kabla lori la kwanza la mafuta halijafika huku. Nikayashika mkononi nikacheka peke yangu. Nikamwambia Rannie: unaona, nyumba hii ilijua tangu zamani.

Rannie akasema nyumba haikujua kitu, dada. Walikuwa hawana hela.

Jumatatu, 23 Oktoba

Limetoka! Limekatwa vipande viwili, likapanda ngazi, likaondoka. Chumba cha chini kimekuwa kikubwa ghafla.

Rannie hakukubali kuondoka kabla ya kukata na lile bomba la kujazia lililotokeza nje, nyuma ya nyumba. Ameziba tundu kwa saruji. Ng'ambo ya mto, anasema, kuna watu walitoa tangi wakasahau bomba. Dereva akaja kama kawaida yake, akachomeka mpira wa mafuta, akajaza. Alijaza sakafu! Wenyewe wakahama. Madereva wa huku hawaulizi, wanajua nani anakaribia kuishiwa, wanakuja tu.

Baba haulizi. Kesho asubuhi na mapema naenda kumwambia.

Jumanne, 24 Oktoba

Alinitangulia.

Nilikuwa napiga mswaki. Nikasikia lori, halafu mpira ukiburutwa kwenye kokoto, halafu kimya. Nikatoka na povu mdomoni. Amesimama nyuma ya nyumba, mpira begani, anapapasa saruji kwa glavu.

— Bomba la mama yangu liko wapi?

— Limetoka, Baba. Na tangi.

— Nani kakuruhusu?

— Nyumba ni yangu.

— Nyumba yako! Na kile chuo cha Halifax, kilikuwa cha nani? Kila neno ulilosoma kule limelipiwa na mpira huu.

— Najua. Ndiyo maana nilisoma vizuri.

Hakucheka. Hapo ilifaa ninyamaze. Badala yake nikamletea habari ya majani ya bahari, kama wakili anayeleta ushahidi. Akabadilika uso. Yeye ndiye aliyekuwa anatumwa ufukweni kuyabeba, alisema, mtoto mdogo, vidole vimepasuka, na bado asubuhi maji yaliganda kwenye birika. Mafuta yalipokuja, mama yake alivua kitambaa cha kichwa ndani ya nyumba, mwezi wa Januari. Kabla ya hapo hakuwahi kuziona nywele zake wakati wa baridi.

— Wewe unaita mazingira. Mimi naita baridi.

Halafu akatoa sharti lake. Siku nitakayobisha mlangoni kwake kwa sababu ya baridi, tangi jingine linaingia. Atalileta yeye, kwa lori lake.

— Sitabisha.

— Utabisha, mwanangu. Februari ni ndefu.

Akaukunja mpira taratibu, kama anavyoukunja kwa wateja wengine. Hilo ndilo lililoniuma.

Ule ufuo aliokuwa anaokota majani haupo tena. Bahari inayozidi kupanda imeula wote, mpaka ukingoni mwa shamba la jirani yetu Beaton. Nilikuwa nalo hilo mdomoni. Sikulisema. Sijui kama nilimhurumia au nililiweka akiba.

Sijuti. Nimejipima tangu asubuhi kama najuta. Sijuti.

Jumamosi, 18 Novemba

Dukani. Bi Effie, kwenye foleni, kwa sauti yake ya kuimbia kanisani: "Jamani, mpisheni Una wa Lauchie Bila Mafuta, asije akatugandia hapa!" Wakacheka wote, hadi mwenye kupima nyama.

Nikasema ndiye mimi, Bi Effie, na ukihisi baridi karibu kwangu. Akasema atakuja mwezi wa Mei, theluji ikishayeyuka.

Masikio yaliwaka njia nzima. Lakini jina nimelipenda. La kwanza nililolipata mwenyewe.

Jioni Mama kaleta vikate vya samaki vilivyofungwa kwenye taulo. Baba hajui, kasema. Halafu: anajua. Alikaa na miguu juu ya kiti kingine, akavua sweta bila kufikiri, akalivaa tena haraka aliponiona namtazama. Mama naye hataki kukiri joto!

Alhamisi, 7 Desemba

Kumi chini ya sifuri. Pampu inazunguka. Niko na fulana. Fulana!

Lori limepita. Halikupunguza mwendo.

Jumatano, 10 Januari

Umeme umekatika tangu alfajiri. Upepo wa kusini-mashariki, ule unaobeba mapaa. Pampu kimya.

Nimefunga milango ya vyumba vyote, nimebaki jikoni. Asubuhi nyumba ilikuwa imeshikilia joto vizuri. Adhuhuri, vizuri kiasi. Sasa — tuseme inashikilia.

Saa nane lori likasimama. Baba. Mama yuko Sydney, mji wa huku kwetu, kwa dada yake, kwa hiyo hakuna aliyemtuma. Ameingia na jiko dogo la mafuta ya taa mkononi, akalitua katikati ya jikoni, akauliza kibiriti kiko wapi.

— Silihitaji, Baba.

— Sikukuuliza unahitaji nini. Nimeuliza kibiriti.

— Kwako umeme upo?

Nilijua jibu. Haupo. Na tanuru lake la mafuta haliwaki bila umeme, hata tangi lijae hadi kooni. Hajalitaja hilo, mimi pia sijalitaja. Wala sijataja kwamba mimi sikubisha mlangoni kwake. Yeye ndiye kabisha kwangu.

— Sijaja kukaa, kasema. Kisha kakaa, jiko lake bado halijawashwa.

Nimemchemshia chai kwenye jiko dogo la kambini. Moto kabisa. Kanywa. Nikampa nyingine. Kanywa. Yumo ndani ya koti lake la kazini, lile zito la kuvaa kwenye theluji, zipu hadi kidevuni. Nimesema vua koti, Baba. Kasema hakuna mtu mwenye akili anayevua koti ndani ya jokofu.

Naandika mbele yake. Ameuliza naandika nini. Hali ya hewa, nimemwambia.

Vidole vya miguu sivisikii vizuri. Soksi nyingine ziko kwenye kikapu, hapo tu, hatua mbili. Siendi. Nimenyoosha miguu mbele ili aione, mtulivu, kama niko ufukweni mwezi wa Julai.

Na yeye amewiva uso. Paji la uso linang'aa. Anapumua kwa mdomo. Mkono umepanda kifuani, umegusa zipu, umerudi gotini.

— Baridi hii, anasema.

— Ipo?

Tone la jasho limetoka chini ya kofia. Linashuka polepole. Limefika kwenye nyusi. Ananitazama aone kama ninaliona. Ninaliona.

Halifuti.