Kamera ya Kompyuta ya Justina

Jumuiya ya Kieferbach,
S.L.P. 14,
Manitoba, Kanada.
5 Machi.

Mpendwa Dada Dorothea,

Amani iwe kwenu nyote huko Dakota. Goti lako linaendeleaje? Rebekka anauliza kama yale mafuta ya bata bukini aliyokutumia umeyapaka gotini kama alivyokuelekeza, au umewapaka wajukuu vifuani. Na shemeji Samuel, kile kikohozi kimemwachia? Mwambie aache kwenda kwenye zizi la nguruwe bila kofia. Ujana ulishamuaga.

Sisi tu wazima. Theluji ya mwaka huu haina adabu, imefika madirishani, na barabara ya mjini inafungwa kila tukigeuka. Kina mama walipika sabuni wiki iliyopita. Mama yetu alikaa kando kwenye kiti chake akiwakosoa kuanzia asubuhi mpaka saa ya kahawa, kwa hiyo ujue hajambo kabisa.

Basi, Dada, nimepiga chenga vya kutosha. Ninayo ya kukuambia na si mazuri.

Barua yako kwa Justina ilifika. Alitusomea mwenyewe, mimi na mama yake, mezani kwetu. Akafika pale ulipomwandikia kwamba mali ya jumuiya haichezewi, na kwamba mwalimu aliyeshindwa kutunza kompyuta atashindwa na watoto wa watu. Akasoma mpaka mwisho, akaikunja, akasema, "Shangazi ana haki." Dada, huna haki. Wala sikulaumu, maana umeandika ulichosikia. Mtoto hakuharibu kitu. Niliyeharibu ni mimi.

Unajua kwamba Justina anasomea ualimu, na kwamba tumengoja miaka mingi kupata mwalimu wetu wenyewe badala ya kuletewa wa mjini kila mwaka, ambaye watoto wakishamzoea anaondoka. Masomo mengi anayafanyia hapa hapa. Chuo kilileta masharti ya kompyuta mpakato ambayo kila mwanafunzi wa ualimu lazima awe nayo. Si simu, si tableti. Iwe na nafasi ya kutosha, betri ya kushinda kutwa darasani, kipaza sauti na kamera. Masharti hayo niliyasoma mimi, kwa kuwa mambo ya mashine ni yangu, na kompyuta nikaichagua mimi, msimamizi wa mali yetu ya pamoja akainunua. Nilijivuna. Nilimwambia Rebekka kwamba chuo kizima hakutakuwa na mwenye kompyuta kama ya binti yetu.

Sasa, utaratibu wetu nao unaujua. Kompyuta yoyote inayoingia hapa hupitia kwanza kwenye meza yangu ya karakana. Naifungia mitandao isiyofaa, kisha natoa kamera. Hilo la kamera lilianza baada ya wale vijana wetu kukutwa wakizungumza kwa video na wasichana wasiowajua. Wazee walipouliza tufanye nini, aliyesimama akasema zitolewe zote bila kubagua ni huyu ndugu yako. Nilisema maneno mengi siku ile. Wakakubali, kazi nikapewa mimi.

Ya Justina ilipofika niliifungua kama nilivyozifungua nyingine. Bisibisi, koleo, waya nikaukata, kamera nikaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Kile kioo chake kidogo cha mbele kinabaki palepale, huwezi kujua kwamba nyuma yake hamna kitu. Masharti ya chuo hayakunijia akilini hata chembe. Huo ni usahaulifu, na kama ungeishia hapo nisingekuandikia barua ndefu hivi.

Mwezi uliopita mkufunzi wake, Bi. Lavallee, alikuwa aje kumtazama akifundisha. Barabara ikafungwa. Wakakubaliana amtazame kwa kompyuta kutoka mjini. Justina akawapanga watoto wa darasa la kwanza, nywele zimechanwa, mayai ya hesabu za kutoa yako mezani. Akafungua. Bi. Lavallee akamsikia, lakini kumwona hakumwona, giza tupu. Watoto, waliposikia mgeni akisema anaona giza, wakadhani giza liko kwake huko mjini. Mmoja akauliza, "Mwalimu, huyo bibi mbona hawashi taa?" Bi. Lavallee alicheka naye, lakini akamwambia wazi kwamba asipomwona akifundisha kabla mwezi haujaisha, hawezi kumtilia saini ya kufuzu.

Akanijia karakana na kompyuta kifuani; alijua masharti niliyasoma, hakuwaza kwamba hata yake niliitoa kamera. "Baba, nimeiharibu. Sijui nilibonyeza nini."

Nilijua palepale. Na mdomo huu uliosema mengi mbele ya wazee ukasema, "Iache hapo, nitaiangalia."

Nilitaka nini, Dada? Sijui. Kuirudisha kamera kulinilazimu kwenda kwa Mhubiri Elias kuomba kitu nilichokikataza mwenyewe kwa sauti kubwa. Niliona haya. Nikasema kesho. Ilipofika, nikasema kesho tena. Nikawa naifungua na kuifunga mbele ya mtoto, eti natafuta ugonjwa. Rebekka alipita akaniona, akasema, "Hiyo kompyuta unaitazama au inakutazama?" Nikajifanya sikusikia.

Nami nikiwa bado kwenye kesho zangu, Justina alikwenda kwa Mhubiri mwenyewe. Alilia, akaungama kwamba ameharibu mali ya wote kwa uzembe. Jioni ile, baada ya sala, ndugu wanaume tukaambiwa tubaki. Mhubiri akaeleza, kisha akatuuliza mmoja mmoja, kwa mpango wa mabenchi, kama tunamsamehe. Nilisikia sauti zikija kutoka mbele, nimemsamehe, nimemsamehe. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusimama. Zilipofika kwangu nikasema, "Nimemsamehe."

Dada Dorothea, nimekosa mengi katika maisha haya, lakini hilo linanila. Nafsi inanisuta nikila, inanisuta nikisali. Usingizi nausikia kwa wenzangu.

Barua yako ndiyo iliyomaliza mambo. Justina alipotoka nje baada ya kuisoma, Rebekka alisukuma kikombe chake pembeni. "Zakarias, kamera zote hapa umezitoa wewe. Ya mwanao alikuja kuitoa nani?" Nikaanza kukusanya vikombe. Akasema, "Mbona mbele ya wazee mdomo ulikuwa mrefu?" Nikainuka, nikamfuata mtoto.

Nilimwambia yote, tukiwa tumesimama kwenye baridi. Alikwenda zake shuleni kuwasha jiko, na siku mbili hakusema nami ila "chumvi" na "asante."

Kwa Mhubiri nimekwenda pia. Amesema Jumapili nisimame mbele ya jumuiya nzima niseme, na nitasimama. Kamera ya Justina imeruhusiwa, yake peke yake, na mimi ndiye nitakayeirudisha mahali pake. Lakini mwezi umekwisha, Dada. Bi. Lavallee amesikitika, na chuo kinasema angoje mpaka muhula wa vuli. Kwa hiyo watoto wetu wataletewa mwalimu wa mjini mwaka mwingine, na binti yangu atakaa nyuma ya darasa kumsaidia, kwa ajili ya waya niliokata na neno nililokosa kulisema.

Nakuomba umwandikie tena. Usimwandikie kunitetea. Mwambie tu kwamba ulikosea kumgombeza, na kwamba atakuwa mwalimu mzuri. Kutoka kwako atalipokea. Kutoka kwangu kwa sasa hata "habari za asubuhi" anaipima kwanza.

Jana usiku alikuja akaketi karibu nami, nikadhani yamekwisha. Hakuwa na hasira, Dada, afadhali angekuwa nayo. Aliuliza kwa upole, kama anavyowauliza watoto wake wa darasa la kwanza.

"Baba, nimeambiwa na wewe ulisema umenisamehe. Ulinisamehe nini?"

Alingoja jibu mpaka kuni zikaisha jikoni, kisha akaenda kulala.

Nisalimie shemeji Samuel, Kathrina na watoto wake, na mzee Wipf kama bado anasikia. Mama anasema anawaombea kila jioni kwa majina. Mungu akuponye goti, awape majira mema ya kupanda, na awaepushe na haya yaliyonipata.

Ndugu yako akupendaye, hata kama leo haoni pa kuweka uso wake,

Zakarias