Pale Madirisha Yanapolalamika

Jumatano, 9 Julai 2003. Asubuhi manyunyu, ukungu umeficha vilima vya Iveti.

Rafiki yangu Mutiso,

Tangu tukuzike, ofisi yetu ya kuchapa imekuwa kimya mno. Wateja bado wanakuulizia. Wengine nawaambia. Wengine nashindwa, nasema umetoka kidogo.

Kompyuta yako imetusumbua wiki nzima. Inawaka vizuri, lakini ile programu inayopanga madirisha ya kazi kwenye skrini inaleta rangi ya kijivu tu. Menyu uliyotuandikia kwa Kiswahili ili tusiogope, haipo. Nimebonyeza kila mahali na haisemi kosa liko wapi. Fundi wa kutoka Athi River aliitazama kidogo akasema, "Madam, hii ni ya kufuta tu, niwawekee ingine." Mama Ndinda, mwenye ofisi, akakubali. Alikuwa aje kesho. Kazi yako yote ingefutika, Mutiso, kana kwamba hukuwahi kupita hapa.

Leo mchana nililia, kisha nikaketi kwenye kiti chako nikafuata kichwani hatua zako za kila asubuhi. Ulikuwa ukianza kwenye skrini nyeusi, unaandika amri, ndipo madirisha yanakuja. Sasa madirisha yakishakuja, ile nyeusi huenda wapi? Nikakumbuka siku uliposhika Control na Alt, ukagonga F1, ukacheka: "Mtu akinuna sebuleni, mfuate jikoni. Huko ndiko anasema yote!" Mimi nilidhani unawasema mashemeji zako.

Nikagonga. Skrini nyeusi ikatokea.

Malalamiko yalikuwa pale, mstari chini ya mstari. Menyu haionekani. Folda ya Mutiso haionekani.

Kumbe ni sisi. Baada ya mazishi, Mama Ndinda alisema vitu vya marehemu vikusanywe, visichezewe. Kikombe na sweta nikaweka kabatini. Folda yako ya kwenye kompyuta nayo nikaihamisha, kwa heshima ileile. Programu ikabaki inakutafuta mahali pako pa zamani.

Nimeirudisha. Menyu ikafunguka: "Karibu, chagua kazi." Maneno yako. Mama Ndinda alishika kifua, "Woi! Mpigie huyo fundi asije!" kisha akatoka nje kujifuta macho.

Sweta nitampelekea mama yako Jumamosi. Folda haitoki tena. Na yeyote atakayeajiriwa hapa, nakuahidi, nitamwonyesha skrini nyeusi kabla ya madirisha, na nitamtajia aliyenifundisha.

Lala salama, ndugu yangu.

Nazima taa, saa tatu na nusu.