Papa Apollinaire, Uliyesema Hukupenda Vitabu

Papa Apollinaire, mwaka umezunguka ukatimia tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotutoka, hospitalini Lilongwe, figo zako zikiwa zimechoka. Tumelia. Tumezoea kidogo kuiona cherehani yako ikiwa imefunikwa kitenge pale barazani. Jambo moja bado halijatukalia sawa, nalo ni lile ulilomwambia binti yako Gabriella siku tatu kabla ya kuondoka. Tunaliandika hapa kwa sababu kila anayekuja kutupa pole hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka anauliza habari za vitabu vyako, nasi hatujui tumjibu nini.

Ulikuwa fundi wa suruali. Bukavu kwetu Kongo, Chinsapo mtaani Lilongwe, mpaka hapa kambini, watu walikuletea suruali zilizochanika magotini, nawe ukawarudishia, mtu asione sindano ilipopita. Ulikuwa ukiimba wimbo mmoja wa kanisani, ubeti wa kwanza tu, kwa kuwa zilizofuata hukuzijua. Mjane akileta sare ya mtoto wake, ilishonwa kwanza, hata kama suti ya harusi ilikuwa inangoja. Mteja akikuambia "zikomo", asante ya Kichewa, wewe ulimjibu "zikomo" mara mbili.

Na ulikuwa na vitabu. Nani katika mtaa wetu asiyejua?

Gabriella alikuwa na miaka minane tulipofika Dzaleka. Shuleni alikuta Kiingereza, njiani Kichewa, nyumbani Kiswahili, nawe ukamwongezea Kifaransa cha kitabu kimoja ulichotoka nacho Bukavu. Kila alasiri, kabla hajaenda kuruka kamba na wenzake, ulimkalisha kwenye kigoda karibu na cherehani. "Soma." Akasoma kama mtu anayetafuna kokoto. Akiruka mstari ulijua, ingawa macho yako yalikuwa kwenye sindano. Alikichukia kitabu kile hadi harufu yake. Siku moja, akiwa na miaka tisa, alikwenda akakitupa chooni.

Sote tulingoja fimbo. Mama Antoinette, mke wako, alikuwa ameshakwenda kwa jirani ili asione. Wewe ulichungulia shimo, ukanawa mikono, ukarudi kushona. Kesho yake ulikwenda Lilongwe, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba chini sokoni, ukarudi na kingine, kinene kama tofali.

"Hii iko kubwa," ukamwambia. "Ukitupa hii, choo itaziba, na we njo utaizibua."

Gabriella akacheka bila kutaka. Kisha akalia kwa sababu alikuwa amecheka.

Kitabu hicho kilikuwa cha Kiswahili. Kilisimulia habari za mwanamke aliyemtafuta mumewe mji hadi mji. Gabriella alikisoma mwezi mzima kwa kununa. Mwishowe mwanamke akafika kwenye nyumba aliyokuwa akiitafuta, akabisha hodi, na hapo kurasa zikaisha. Za mwisho zilikuwa zimechanwa.

"Papa! Hii kitabu inaisha wapi?"

"Hata mi sijui."

"Sasa nani alifungua mulango?"

"Mi sijui, mwanangu. Mi niko fundi wa suruali."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Watu hudhani Gabriella alianza kupenda vitabu, lakini mwenyewe anasema ni hasira iliyomsomesha. Kila ulipokwenda mjini alikutuma uulizie kitabu kile kikiwa kizima. Wauzaji wa soko la Biwi walikujua kwa jina. Hukukipata hata siku moja, ila hukupenda kurudi mikono mitupu, ukawa unaleta chochote ulichokiona. Akavisoma vyote. Alipofikisha miaka kumi na tano alikuwa amesahau alichokuwa akikitafuta, akawa anasoma tu: akisonga nsima, ugali wa huku, akipanga foleni bombani, akisuka nywele za mdogo wake Douce, ambaye alitoka na mistari iliyopinda kichwani. Mama Antoinette akawa anasema vitabu vitakuja kumposa.

Baadaye tulihamia Chinsapo, ukapata kibaraza cha kushonea. Gabriella akapata kazi ya duka mtaa wa Area 36, akawa anasoma nyuma ya kaunta. Kisha serikali ikaamuru wakimbizi turudi kambini. Lori lilikuwa moja kwa familia tano, na nafasi iliyotubakia ilitosha godoro au gunia la vitabu. Ukapakia gunia. Mama Antoinette alilala mkekani miezi minne, na ukweli, Papa, hajakusamehe vizuri hadi leo.

Kwa hiyo utuelewe. Tulidhani tunakujua.

Jumamosi ile wodini, Gabriella alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda akikusomea. Dirisha lilikuwa wazi, jua la alasiri likikupiga miguuni. Ukainua mkono.

"Gabi."

"Naam, Papa."

"Mi sikupendaka vitabu."

Alidhani ni homa. Alikugusa paji la uso, halikuwa na moto.

"Unasema nini, Papa?"

"Tangu niko mutoto. Sikupendaka hata moja. Zinanichosha."

Akakifunga kitabu. Anasema masikio yalimlia, kama mtu aliyepigwa kofi na mtu anayetabasamu. Wewe ukamtazama.

"Sasa unafunga juu ya nini?"

"Si umesema haupendi?"

"Nimesema mi sipendi. Sikusema we uache."

Alitakiwa akuulize pale pale. Analijua hilo, halihitaji kuambiwa na mtu. Lakini alikasirika. Alisema amechoka, atasoma kesho, akatoka nje kutafuta chai. Aliporudi ulikuwa umelala, na kutoka usingizi huo hukuamka tena ukasema neno. Jumanne ukaondoka.

Mwaka mzima tumeulizana. Dada yako Marguerite, kwa simu kutoka Bukavu, anasema ni kweli tupu: ulikuwa ukitoroka darasani kupitia dirishani kwenda kukaa kwa fundi cherehani, na baba yenu alikuwa akikuchapa na kitabu chenyewe. Mdogo wako Faustin, tunayeishi naye hapa, anakataa. Anasema ulikuwa wa kwanza darasani na ulitembea na kitabu kwapani hadi kanisani. "Kwapani, njo ile," Marguerite akamjibu, "sababu hakukifunguaka!" Waligombana mpaka simu ikakatika. Mama Antoinette anasema katika miaka thelathini ya ndoa hakukuona ukimaliza kitabu chochote, ila lile daftari la vipimo vya wateja. Kisha anakumbuka godoro, anachanganyikiwa upya.

Kama hukuvipenda, gunia lile ulilipakia kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya Gabriella, kwa nini umwambie, tena siku zimekwisha? Ulitaka kumfungua au ulitaka kumcheka? Au ulikuwa umechoka tu, ukasema lililokuja mdomoni? Kila mmoja wetu ana jibu lake asubuhi, na jioni ameshalibadilisha.

Gabriella hakugusa kitabu miezi sita. Halafu akasoma viwili mfululizo, kwa hasira kama zamani. Halafu akaacha tena. Hawezi kusema kama anachosoma ni mapenzi yake au ni yako, na kama ni yako, yalikuwa mapenzi ya nini.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Mama Antoinette alimfuata uani na daftari jipya mkononi. Unajua hakuwahi kukaa darasani. Makaratasi yote ya kambi na barua zote za Bukavu, wewe ndiye uliyemsomea.

"Unifundishe," akamwambia. "Papa yako hayuko. Mi sitaki kila siku kuomba batoto ya bantu banisomee mambo yangu."

Wakaanza, kila siku baada ya chakula cha mchana. Mama anachukia kuliko alivyochukia Gabriella mwenyewe. Anasema b na d ni mapacha wasio na adabu. Mara mbili amerusha kalamu juu ya paa la jirani. Juzi, sote tukiwa pale, alilisukuma daftari pembeni.

"Gabi, niambie kweli. We unapendaka hii kitu?"

Gabriella akamrudishia kalamu.

"Sijui, Mama," akasema. "Soma huo mustari tena."

Mama akalivuta daftari. Akausoma mstari wote, kidole chini ya kila neno, jasho likimtoka, na alipofika mwisho aligeuza ukurasa bila kuambiwa.

Hizo ndizo habari za nyumbani kwako, Papa. Ibada itakuwa Jumamosi kanisani kwetu hapa Dzaleka. Unakumbukwa na mke wako Antoinette. Watoto wako Gabriella, Fabien na Douce. Mjukuu wako Cadeau. Ndugu zako Marguerite na Faustin. Na wote uliowashonea.

Siku zote utakuwa moyoni mwetu, hata pale tusipokuelewa.