Kamera Siiweki Chini

Kiloleni, Tabora
16 Oktoba 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba kifua kilichokusumbua wakati wa kukausha tumbaku kimekuachia. Mama naye namwamkia sana. Nimesikia vitalu vya mwaka huu mmevihamishia bondeni kwa sababu kisima kimepungua maji. Poleni na kazi. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na Jumapili sikosi misa.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Alhamisi uliponipigia nilikukatia simu, na kwa hilo naomba radhi, maana mtoto hamkatii baba yake simu. Radhi yangu inaishia hapo. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninakokwenda, na safari hii sitaki kukatizwa. Isome mwenyewe, ukiwa na Mama tu.

Ulinieleza kwamba Kocha Masolwa alifunga safari kutoka huku hadi Ulyankulu, akala kwako, akakusihi unirudishe kwenye mpira. Alisema kuna timu ya wanawake inatafuta beki, kwamba goti langu bila shaka limeshapona, na kwamba filamu ninayotengeneza kuhusu timu yetu ya chuo itachafua jina la chuo kilichonilea. Nawe ukaniamuru niiache, niweke kamera chini, nirudi uwanjani. Ukasema binti aliyesomeshwa kwa moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku hawezi kuishia kupiga picha watu wakila pilau.

Baba, acha nianze na hiyo pilau.

Nilipotoka kwenye timu, mwaka wangu wa mwisho, nilikuwa nasimama nje ya seng'enge nikitazama wenzangu wakifanya mazoezi bila mimi. Siku ya mahafali alikuja Shaban, mzee mwenye studio karibu na soko, kupiga video. Akaniona nimesimama tu, akaniomba nimshikie taa kwa kuwa ni mrefu. Nilimshikia tangu asubuhi hadi wageni wakaondoka. Aliniambia mikono yangu haitetemeki, na kwamba beki anajua kusubiri, na kamera inataka mtu wa kusubiri. Wiki iliyofuata nikaanza kazi kwake.

Ndiyo, nilipiga harusi na kipaimara. Kwenye harusi wanaume walinifuata wakiuliza mwenye kamera yuko wapi, nami nimeibeba begani. Niliendelea kupiga. Kisha Ipole, kwa warina asali, nyuki waliniuma shingo nzima na sikuizima kamera mpaka mzinga wa mwisho uliposhuka. Shaban alicheka alipoona nilivyovimba, lakini alipotazama picha zenyewe akaniambia kuanzia siku hiyo mimi si mshika taa. Kile kipindi cha njia ya zamani ya misafara, ambacho katekista alikuiteni mkakitazame kwenye televisheni yake, chenye wale akina mama wanaouza chakula kwenye treni pale Kaliua, nilikipiga mimi, nikakihariri mimi, nikakiandika mimi. Jina langu lilipita mwishoni. Mama aliliona. Wewe ulikuwa umeshatoka nje.

Sasa nije kwenye filamu ya timu. Nilipoianza sikuwa na ubaya na mtu. Kila mwaka katika timu yetu mchezaji mmoja au wawili walio hodari walikuwa wanatoweka ghafla, na nilitaka kujua wamefikia wapi. Nilianza na Elieth, yule mshambuliaji uliyempigia makofi siku uliyokuja na kofia yako ya Pasaka. Sasa ni fundi cherehani Urambo. Alikuwa akiniongelesha huku anashona, tukicheka, mpaka nilipomuuliza kwa nini aliacha. Miguu yake ikasimama juu ya pedali. Alipomaliza kunieleza, nilizima kamera. Baada yake nikawapata wengine wawili. Hawakuwa wameonana kwa miaka, na wote walinieleza chumba kilekile.

Baba, hapa ndipo ninapokuomba ukae.

Goti langu halikuumia. Halijawahi kuumia. Wiki moja kabla ya safari ya mashindano ya vyuo, Kocha Masolwa aliniita stoo ya vifaa, chumba hichohicho, nikajaribu jezi. Akafunga mlango. Akasema namba kwenye kikosi cha kwanza haiji bure, akanishika. Nilimsukuma kwa nguvu zote ulizonipa, akaangukia rafu, mipira ikamwagika, nikafungua mlango nikatoka. Kesho yake jina langu halikuwamo kwenye orodha. Aliwatangazia wote kwamba nimeumia goti, nami nilikuwa nimesimama palepale, nikakubali. Bandeji nilinunua mwenyewe. Krismasi nilikuja nyumbani nikichechemea, nawe ukanibebea begi kutoka stendi, ukampigia yeye simu kumshukuru kwa kunitunza.

Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa umemchinjia mbuzi mtu huyo aliponichukua kwenye timu, na niliogopa swali lako la kwanza lingekuwa nilimfanyia nini. Uongo huo ndio kitu pekee ninachokionea aibu katika mambo haya yote. Mengine aone aibu aliyeyatenda.

Wenzangu watatu waliomba sura zao zifichwe, na nimezificha. Lakini nilijua kivuli hakimtishi mtu kama yeye, angesema ni watu wa kubuni. Kwa hiyo nikaweka kamera kwenye stendi, nikakaa mbele yake, nikasema yangu, uso wazi, jina kamili, na jina lako ndani yake.

Jumamosi tuliionesha hapa mjini, ukumbi ukajaa. Naye alikuja, akakaa safu ya pili, nadhani akiamini umeshanizuia. Uso wangu ulipotokea alisimama akapaza sauti kwamba huo ni uongo wa mchezaji aliyeachwa. Kabla sijafungua mdomo, akainuka binti mmoja wa timu ya sasa, bado amevaa suti ya mazoezi, akamwambia, "Kaa chini, Mwalimu. Hatujamaliza kutazama." Hakukaa. Alitoka, na hakuna aliyemsindikiza. Jana chuo kimemsimamisha kazi, na sisi wanne tumeandikisha maelezo polisi. Kesi inaweza kuchukua miaka, na pengine atashinda. Sitabadili hata neno moja.

Kwa hiyo, Baba, kamera siiweki chini. Sikuombi ruhusa, nakuarifu. Krismasi nitakuja na projekta, na baada ya misa nitaionesha filamu hii uwanjani parokiani, katekista amekubali. Ukikaa nami nitafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi uwanjani. Ukikaa ndani na kufunga dirisha, nitaionesha vilevile.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shangazi Apolinaria mwambie dawa yake ya presha nimeipata, naja nayo. Mdogo wangu Uwimana naye amenitumia ujumbe kwamba mwakani anaomba nafasi kwenye chuo kilekile, na kwamba anataka kucheza. Usimkataze, Baba. Mnunulie viatu.

Ni mimi binti yako,
Godeliva Aleksi Irambona