Magoli ya Jozi Moja

Dalal, kakaako Tamim yuko hospitali lakini mzima, usipige kelele.

Leo mkaguzi kaja kuchagua viwanja vya yale mashindano ya kimataifa ya mpira wa mikono. Asubuhi Kikwajuni, mchana Bububu. Na magoli tunayo jozi moja tu!

Tukapanga akimaliza Kikwajuni apelekwe kula, magoli yatangulie Bububu kwa gari.

Hamoud wa Kikwajuni akayakumbatia. "Hayatoki! Bububu wanunue yao!"

Tamim akamkaba koo. Hamoud akajinasua, akamshika kichwa, akambamiza mlingotini. Akambamiza tena. Nimeusikia mfupa, shoga. Mfupa!

Tamim kapelekwa hospitali, magoli tukayapakia vivyo hivyo. Vivyo hivyo, Dalal!

Bububu yule Bi mkaguzi kapitisha kidole mlingotini, kikatoka chekundu.

"Nini hiki?"

Nami nikajibu, "Rangi mbichi, Bi. Tumepaka leo."

Rangi! Nimesema rangi!

Akainama, akachomoa kitu kwenye wavu, akanitia kiganjani.

"Kumbe rangi ya Unguja huota meno?"

Bado nnalo mkononi. Nimpelekee Tamim, au nilitupe?