Kibuyu Nitakitoa kwa Mkono Huu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mko salama hapo Kanazi, na kifua chake kimetulia baada ya mvua. Mimi huku Morogoro ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia mnaoujua.

Ulisema kwenye simu kwamba mkono wangu umekufa, kwa hiyo siku ya harusi ya Adela, Baba Mdogo ndiye atakayewapa wakwe kibuyu cha pombe badala yangu mimi kaka yake. Nilinyamaza kwa heshima. Sasa najibu: sikubali.

Tangu nianguke kutoka kwenye lori la mbao, mfupa umeunga, lakini kiganja kilibaki kinaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Kila Jumanne naenda hospitali kwa Dada Koleta, mtaalamu wa viungo, mtu wa Nyantakara. Ananibandika nyaya mbili mkononi, anazungusha kitufe cha umeme. Mara ya kwanza, kwenye namba moja sikusikia kitu. Mbili, kutekenywa tu. Nne, kidole kimoja kikainuka chenyewe. Baba, nililia. Sita, kiganja chote kikanyanyuka.

Alipogeuka kuchukua pamba, nikazungusha mwenyewe hadi tisa. Unatujua sisi, dawa isiyochoma tunaona ni maji. Nilipiga yowe, na kiganja hakikupanda zaidi hata kidogo.

"Umefanya nini wewe?" akauliza, akazima mashine. "Neva ina nyuzi nyingi. Ni kama filimbi ya kuwaita wanakijiji kwenye msaragambo, kazi ya pamoja. Ukipuliza kidogo, wanatoka wa karibu. Ukikaza, wanatoka wote. Wakishatoka wote utampata nani tena? Unawaumiza watu masikio tu."

Nikamuuliza kama mkono umekufa.

"Uliokufa hauitiki. Huu ni mzito wa kusikia, basi."

Na mimi nimekusikia, Baba, huna haja ya kuongeza sauti. Juzi, bila nyaya, nimekinyanyua kiganja upana wa kidole kimoja. Ni kidogo, lakini nimekinyanyua mwenyewe.

Nitakuja harusini. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukimpa mkubwa kitu, mkono wa kulia hutoa na wa kushoto huushika ule wa kulia kwa adabu. Nitawapa wakwe kibuyu hivyo hivyo. Watakaoona adabu waone adabu. Wewe utajua kazi ya mkono wa kushoto, nawe utanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Nisalimie Mama, na Bibi aliyenilea, na Adela bibi harusi wetu. Baba Mdogo mpe shikamoo yangu, umwambie siku hiyo atafutiwe kiti kizuri akae.

Ni mimi mwanao,
Deo

Mistari imepinda kwa sababu nimeandika kwa mkono wa kulia. Ikikuwia vigumu kusoma, jikaze, maana nami nilijikaza kuandika.