Mkanda wa feni

Jumanne, baada ya isha

Fundi mzima wa injini wa mtaa wa Buyenzi, nimesahau kuurudisha mkanda wa feni!

Kabla ya kuingia majini huwa tunautoa, feni isije ikairushia injini maji. Asubuhi niliutoa kwenye katrekta, nikautia mfukoni. Katrekta kadogo kalipita vizuri mpaka shambani kwa mama, ambako maji yamemzingira tangu ziwa lilipofurika. Nilipomwona mzima nikasahau yote. Badala ya kumpakia tuondoke, nikaanza kuzunguka na katrekta nikikusanya magunia yake ya mpunga. Bila feni ya kuipoza, injini ikachemka, ikakwama moja kwa moja.

Mama miguu haimbebi. Nikainama nimbebe mgongoni.

"Apana. Maji itatubeba sisi wawili. We enda, utafute mutumbwi."

Nikavuka kwa miguu, maji kifuani. Nimezunguka mpaka giza. Hakuna mwenye mtumbwi anayekubali kwenda kabla ya asubuhi. Na mvua imeanza tena, na yeye yuko...

Mke wangu alinifungulia mlango. "Mama iko wapi?"

Nikatia mkono mfukoni, kana kwamba jibu limo. Nikautoa ule mkanda, mzima kabisa.